Wanatafutwa: Kyungu na Kabange

Kyungu alinitangulia duniani kwa robo saa, na robo saa hiyo sijamsamehe. Kwetu Waluba pacha wa kwanza huitwa Kyungu na wa pili Kabange, wawe wavulana au wasichana, wala hakuna anayeulizwa kama jina limempendeza. Basi mimi ni Kabange. Wa pili kuzaliwa, wa pili kuota meno, wa pili kuitwa kila mama alipotuita tuje kula. Watu husema mapacha hupendana kuliko ndugu wengine wote. Wanaosema hivyo walizaliwa mmoja mmoja.

Mama yetu, Mwadi, ambaye Kamina nzima humwita Mama Mapasa, yaani mama wa mapacha, alitulea kama desturi inavyotaka. Ukimpa pacha mmoja kitu, mpe na mwenzake, tena sawasawa. Mkate ukatwe katikati, kitambaa kitoke kwenye jora moja. Ukimsalimu huyu, msalimu na yule, kwa maana pacha aliyesahauliwa hukasirika na hasira yake huleta ugonjwa nyumbani. Desturi nzuri sana, ila inagawa mkate tu, haiwezi kugawa macho ya watu. Sura zetu zilikuwa moja, lakini Kyungu akicheka watu walicheka naye, na mimi nikicheka waliniuliza nacheka nini.

"Chanda chema huvikwa pete," walisema majirani siku Stanislas, kijana wa kazi ya reli, alipoleta posa. Hawakujua kwamba Stanislas huyo alinisalimu mimi Jumapili tatu mfululizo mlangoni mwa kanisa, macho yamemlegea, hadi Jumapili ya nne alipogundua kuwa Kyungu ni yule mwingine. Aliniomba radhi kwa adabu kubwa. Afadhali angenitukana.

Walioana, Stanislas akahamishiwa Kabalo, na mwaka 1996 Kyungu akapanda treni na masanduku mawili. Miaka miwili baadaye vita vikaja. Kabalo ikawa upande wa waasi, Kamina ikabaki upande wa serikali, reli ikakatika na barua zikakoma. Kule Base, kambi ya jeshi nje ya mji, zilikuwa zinatua ndege za askari mchana kutwa, na mjini waliingia wakimbizi kwa miguu, vichwani wamebeba magodoro. Mama alimsimamisha kila mmoja wao na kumuuliza swali lile lile. Miaka miwili nzima hakuniuliza hata siku moja kama nimelala salama. Mimi niliyebaki naye, niliyemtwangia sombe, majani ya muhogo, na kumkanda miguu, nilikuwa kama kiti cha nyumbani. Nani hutafuta kiti alichokikalia?

Ndipo Yasmina akarudi kutoka Lubumbashi. Huyu alikuwa binti wa mzee Djafari, mfanyabiashara wa ukoo wa Kiislamu wa Maniema aliyeuza vitambaa na chumvi sokoni. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu na alikuwa amesomea kompyuta. Alishuka na mashine yake ndani ya katoni ya sabuni, akaomba chumba katika parokia yetu ya Kikatoliki, kwa sababu pale tu ndipo palipokuwa na jenereta iliyowashwa kila siku kuanzia saa nane hadi saa kumi alasiri. Padri hakumuuliza dini yake. Vita vilikuwa vimeshamfundisha kuuliza maswali machache.

Yasmina alitaka kutengeneza tovuti ya watu waliopotezana na ndugu zao. Alihitaji mtu wa kupiga chapa haraka, na mpiga chapa wa parokia nilikuwa mimi. Nilikuwa nimegonga taipureta kwa miaka kumi na moja, kosa moja na karatasi nzima kwenye pipa. Yeye alikuwa na kitufe kinachofuta kosa lisibaki hata doa. Nilimwonea wivu tangu dakika ile, kwa ajili ya kitufe tu.

"Yaya Kabange," aliniambia siku ya kwanza, kwani kwetu yaya ni dada mkubwa, "batu banachanganyaka nyumba na adrese. Adrese njo maneno muntu anaandika juu afike. Nyumba njo pale bintu biko. Na nyumba yetu haiko hapa Kamina."

"Iko wapi?"

"Bruxelles, kwa kaka yangu Zuberi. Kuko mashini moya kule, haizimake usiku na mchana. Atatuwekea mule."

"Na hii iko hapa mbele yangu ni nini?"

"Hii ni jiko. Tunapika hapa, tunapeleka kule."

Chakula chenyewe kilisafiri ndani ya diskette, kwa ndege ya mizigo hadi Lubumbashi. Huko binamu yake aliipeleka kwenye duka la mtandao ili ipitie waya za simu mpaka Ulaya. Nilicheka. Lakini niliketi, nikajifunza. Nilijifunza kwamba ukurasa wa kwanza ni mlango wa mbele na lazima uitwe index, kwani mgeni akifika, mashine humtafutia jina hilo kwanza. Nilijifunza kwamba maneno ya buluu yaliyopigiwa mstari ni njia: ukiyabonyeza yanakutoa sebuleni na kukuingiza chumba kingine. Mlangoni tuliweka majina matupu ya waliopotea, na kila jina likafungua chumba chake. Maagizo ya mashine tuliyaandika ndani ya mabano yenye ncha, na kila kilichofunguliwa kilipaswa kufungwa. Hilo nililipenda. Binadamu wangeumbwa hivyo ningepata raha.

Habari zilifika sokoni kabla hatujamaliza mlango. Siku ya tatu mama akaja na picha iliyofungwa ndani ya kitambaa safi.

Ilikuwa picha pekee tuliyokuwa nayo ya Kyungu, na nilikuwamo na mimi. Tulikuwa na miaka ishirini na miwili, tumevaa kitenge kimoja, shavu kwa shavu. Yasmina aliitazama, akanitazama, akaitazama tena.

"Mama Mapasa, Kyungu njo nani hapa?"

"Ule wa kushoto."

"Basi tutakata upande ya yaya Kabange, tuache Kyungu peke yake."

Mama aliirudisha picha kifuani. "Foto ya bamapasa haikatwake! Unataka kuniulia batoto?"

"Tuache bote, lakini jina tuandike ya Kyungu."

"Andika majina yote mbili. Ukiita moya na mwengine anasikia, huyu mwengine utamwambia nini?"

"Lakini yaya Kabange iko hapa, Mama! Njo huyu anakala!"

"Ninamuona," mama alisema, bila kunitazama. "Andika bote."

Yasmina alishindwa. Na hivyo kichwa cha ukurasa wetu kikawa: WANATAFUTWA: KYUNGU NA KABANGE. Jina langu lilikuwa limeandikwa kwa herufi kubwa, tayari kuonekana hadi Ulaya, na lilikuwapo kwa sababu mama aliogopa hasira yangu. Roho iliniuma. Nilitamani nitafutwe kweli, walau wiki moja.

Adhana ya alasiri ilisikika na Yasmina akatoka kwenda kuswali. Tukabaki mama na mimi. Mama hajui kusoma, kwa hiyo alitaja na mimi nikapiga. Urefu wake. Sauti yake. Jinsi anavyoweka mkono mdomoni akicheka. Mume, Stanislas, wa reli, Kabalo.

"Na andika kovu," mama akasema. "Mukono ya kushoto, tangu kiwiko mpaka ku kiganja. Aliunguaka mu mbabula, iko na myaka tisa. Aliangukaka peke yake."

Vidole vyangu vilisimama.

Niseme sasa, kwa kuwa nimeshaanza kusema. Tulipokuwa na miaka tisa, rafiki wa zamani wa mama aitwaye Marie-Thérèse alikuja kututembelea kutoka Lubumbashi na gauni moja jekundu. Moja! Hakuwa na habari kwamba mama ana mapacha. Gauni akapewa aliyefika kwanza kumsalimu, na unajua tayari nani hufika kwanza. Mama alikuwa amekwenda kununua soda. Kyungu alizunguka uani na gauni mikononi, nami nikamsukuma kwa nguvu zangu zote, akaangukia mbabula, jiko letu la chuma, iliyojaa makaa. Mama aliporudi na kukuta vilio, Kyungu alisema, "Nilianguka peke yangu." Hakulivaa gauni lile hata siku moja. Aliliweka upande wangu wa kitanda, nami nikalirudisha kwake, na mwishowe panya wakalila. Siri hakuitoa kamwe, si kwa mama, si kwa Stanislas. Aliyekuumiza unaweza kumchukia na ukalala usingizi. Aliyekufichia aibu yako utamchukia ukiwa macho.

"Umeandika?" mama akauliza.

"Nimeandika," nikasema. Niliweka nukta baada ya neno Kabalo, nikafunga nilichofungua.

Diskette ya kwanza iliondoka na ndege, na baada ya siku tisa jibu likaja kwamba maandishi yanaonekana lakini mahali pa picha pana kisanduku kitupu. Yasmina akasogea kwenye mashine. Picha ilikuwapo, shavu kwa shavu, safi kabisa. Akasoma maagizo niliyoandika, akacheka hadi akashika ubavu.

"Yaya! Umeambia mashini iende kutafuta foto mu tiroir yako hapa Kamina! Muntu wa Bruxelles atafika mu tiroir yako namna gani? Bantu bote ba mwanzo banafanyaka hii kosa. Weye unaona foto juu iko kwako. Foto inapashwa kusafiri pamoja na ukurasa, bikae mu nyumba moya."

Kumbe niliielekeza kwenye droo ya mashine ya hapa, nayo haikusafiri. Nilisahihisha. Lakini nitasema ukweli: kwa siku zile tisa nilifurahi moyoni kwamba Kyungu hakuonekana popote, na mimi pia sikuonekana. Ilikuwa mara ya kwanza tuko sawa kabisa.

Diskette ya pili ilifika vizuri. Tukangoja. Mama alihamia kwenye benchi la nje ya chumba chetu, akawa anauliza kila ndege iliyopita juu kama ni ile. Wiki ya nne bahasha ikaja, ndani yake karatasi nne zilizochapwa Lubumbashi. Barua nne! Mama aliinuka kwenye benchi, akaja mlangoni. Yasmina akasoma kwa sauti.

Mwanafunzi mmoja aliyehamia Lubumbashi aliandika: huyu mama namfahamu, yuko Kamina, alinipigia chapa cheti changu cha ubatizo. Mfanyabiashara wa Lusaka: nimemwona mwaka jana parokiani Kamina, mzima wa afya. Mtawa mmoja wa Ubelgiji aliyewahi kuishi kwetu: mshukuruni Mungu, mwenye sura hii anafanya kazi ofisini kwa padri. Wa nne aliandika kutoka Pretoria kwamba mwanamke huyo ni mchapakazi na mpole, na kwamba anapatikana Kamina, nyumba ya tatu nyuma ya kanisa.

Wote wanne walikuwa wameniona mimi.

Maisha yangu yote niliomba jambo hilo moja: watu watazame sura ile na kumwona Kabange. Sasa walimwona kutoka nchi nne. Wa Pretoria kaniita hata mpole. Nikafurahi, ndiyo, nikafurahi kwa muda wa pumzi mbili. Halafu nikamwona mama anavyoshuka chini taratibu kwenye benchi, na nikaelewa kwamba Kyungu, popote alipo, hawezi kupatikana kwa sababu mimi nimesimama mbele yake.

"Sura iko moya," Yasmina alisema. "Batu habatajua kubachagua. Hata mwenye kumuona Kyungu leo anaweza kusoma hii, anasema, ah, huyu njo Kabange, hakupotea, iko na batu bake. Mama Mapasa, haiko na alama hata moya?"

"Alama?" mama akashangaa. "Si nilisema kovu! Kovu ya mbabula!"

Yasmina akapandisha ukurasa juu, akaushusha chini, akaupandisha tena. "Hapa haiko."

Mama akageuza shingo. Nadhani hakuwahi kunitazama muda mrefu namna ile tangu niko tumboni. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na pale kifo hakikuwa changu.

"Nilisahau," nikasema.

"Weye?" mama akauliza. "Weye unasahauka?"

Nilivuta kibodi, nikaanza kupiga. Ningeweza kuandika kovu peke yake, lingetosha kabisa. Mkono wa kushoto, kutoka kiwiko hadi kiganja, moto wa makaa, basi. Lakini nilimfikiria Kyungu akisomewa maneno hayo mahali fulani, akitabasamu, akisema moyoni: siri ya mdogo wangu bado iko kwangu. Hapana. Katika maisha haya alinitangulia kila mahali, na sasa ilibaki safari moja tu ambayo ningeweza kufika mimi kwanza. Nikaandika: "Kovu hilo alilipata akiwa na miaka tisa. Alisukumwa na pacha wake Kabange, kwa wivu wa gauni." Chini yake nikaandika: "Anayepiga chapa maneno haya ni Kabange. Anayetafutwa ni Kyungu."

"Soma," mama akaniambia.

Nikasoma yote, hadi nukta ya mwisho. Yasmina alijifanya anahesabu diskette. Mama alijifunga kitenge upya, akaondoka. Siku tatu hakuniita kwa jina. Chakula alikigawa sawasawa kama kawaida, akaniwekea mlangoni.

Wiki tano zikapita. Katika muda huo wakimbizi wengine walileta majina yao na nikayatengenezea vyumba, makumi na makumi, na sikukosea tena njia ya picha hata moja. Yasmina alisema mikono yangu sasa ni myepesi kuliko yake. Sikuamini, ila nilimwomba arudie.

Bahasha ya pili ilipofika ilikuwa na karatasi moja tu. Iliandikwa kwa Kiswahili kilichonyooka cha Tanzania, na mtu aliyefanya kazi katika kambi ya wakimbizi upande wa Kigoma, ng'ambo ya ziwa. Alieleza kwamba hapo kambini watu hawana kompyuta, kwa hiyo kila wiki ofisi yake huchapa kurasa zetu na kuzibandika ukutani kwenye ghala la chakula, na kuna msomaji. Mwanamke mmoja mwenye watoto wawili alikuwa amesimama mbele ya ukurasa mmoja na kuomba asomewe mara mbili. Kisha akacheka, mkono mdomoni, akalia, akataja maneno haya yaandikwe kama alivyoyasema:

"Mama, niko muzima. Batoto beko muzuri. Stanislas alikufa mu njia, tulimuzika pembeni ya Nyunzu. Usilie sana. Ile maneno ya mbabula iko uwongo. Kabange hakunisukuma. Nilianguka peke yangu. Mwambie Kabange afute."

Hakukuwa na picha wala sahihi. Yasmina aliishusha karatasi polepole. Alikuwa msichana mwangalifu, na alikwisha kuona matapeli wakijibu majina ya watu.

"Mama Mapasa," alisema kwa upole, "tusifurahi mbio. Kovu hakuitaja. Na mambo ya kusukumwa anakataa. Labda ni muntu mwengine."

Wivu ulinipanda, ule ule wa mbabula, na machozi yakaupita njiani. Stanislas amekufa, Kyungu amevuka nchi nzima na watoto wawili mgongoni na mkononi, na bado alipopewa nafasi ya maneno machache ameitumia kunifunika mimi. Nilikuwa nimekimbia ili nifike kwanza. Nilipofika nilimkuta ameshaketi.

Mama akaninyooshea kidole. "Kabange. Ile siku ulimusukuma?"

"Nilimusukuma, mama."

"Kweli ya Mungu?"

"Kweli ya Mungu."

"Na huyu wa Kigoma anasema hapana."

"Anasema hapana."

Mama akaichukua karatasi asiyoweza kuisoma, akaibandika kifuani kwa mikono miwili. "Basi njo yeye," alisema. "Njo mutoto yangu kabisa. Myaka makumi mbili na moya, na angali anasema ile uwongo moya."

Kisha akasogea kwenye benchi, akapiga pale ubaoni kwa kiganja, mara mbili, nije nikae.

Jenereta ilikuwa bado inanguruma. Yasmina akaniuliza kama tuufute ule mstari, kama alivyoagiza. Ukurasa ulikuwa wazi mbele yangu, kidole kiko juu ya kile kitufe nilichokionea wivu siku ya kwanza. Juu kabisa nilifuta maneno mawili, "na Kabange", na mama akasomewa, akakubali. Mstari wa mbabula nikauacha palepale. Acha dunia nzima ione, angalau mara moja, kwamba kati yetu wawili mwongo ni Kyungu.